Guguna Neno Moja, Uonekane Umemaliza Kamusi

Sogea karibu, nikupe siri ambayo mwalimu wako wa Kiingereza hakukupa. Lugha ile haimalizwi. Toleo la pili la kamusi kubwa ya Oxford, lililotoka mwaka 1989, lina juzuu 20. Utazisoma lini, na una kazi, una watoto, na daladala ya kurudi nyumbani unaigombea kila jioni?

Basi usizisome. Chukua kitenzi kimoja, kiguguna mpaka mfupa ubaki mweupe, kisha tembea nacho kifua mbele. Watu hawahesabu maneno unayoyajua. Wanaangalia unavyolishika lile ulilolitoa. Seremala akikuchongea stuli moja ikatulia sakafuni bila kuyumba, papo hapo unamwamini na kitanda cha sita kwa sita. Binadamu ndivyo tulivyo, na leo tabia hiyo itufae.

Kitenzi chenyewe ni gnaw. Twende.

1. Kalia kiti kisicho na mtu

Bite kimejaa. Chew kimejaa. Eat ndiyo usiseme, pale hata waliosimama hawana pa kushika. Gnaw kiko kitupu, na ni kiti cha mbele.

Kina herufi nne tu. Kimetoka katika Kiingereza cha kale, enzi hizo kikiitwa gnagan, kwa hiyo hakuna atakayekuambia ni lugha ya vijiweni. Na bado ni neno la nyumbani, la mbwa na mfupa wake, la panya na mlango wa stoo. Hapo ndipo ujanja ulipo. Ukitaka kuonekana msomi, usikimbilie maneno marefu. Neno refu linakutangaza kwamba umekariri juzi. Neno fupi la jikoni, likikaa mahali pake, linaonyesha umeishi na lugha mpaka mkazoeana. Anayesema masticate utamhisi tu kwamba amelitoa kitabuni jana usiku. Anayesema gnaw utadhani amekaa mezani na Waingereza mpaka sahani zikaondolewa.

2. Mdomo kwanza

Wengi huanguka hapa, tena mlangoni. Wanaiona g, wanaihurumia, wanaitamka. Wanasema ginau, wanasema ginoo, wengine gau. Usiihurumie. Iache ikae pale kama mgeni rasmi asiyetokea: jina lipo kwenye kadi, kiti kimetandikwa, shughuli inaendelea bila yeye.

Njia ya mkato ni hii. Chukua neno kinoo, lile jiwe la kunolea visu. Ondoa ki ya mwanzo. Kilichobaki, noo, ndiyo gnaw. Ivute hiyo o kidogo, usiikate. Ukiikata utakuwa umesema no. Ukiipanua na kuimalizia kwa u, utasema now. Mbwa wako hapo hatakuwa anaguguna tena. Atakuwa anakataa, au ana haraka.

Zamani hiyo g ilitamkwa. Waswidi mpaka leo husema gnaga na g yao unaisikia vizuri. Wajerumani waliitupa hata kwenye maandishi, wakabaki na nagen. Waingereza walichukua njia ya katikati: wakainyamazisha mdomoni, wakaiacha karatasini. Ukishalijua hilo umepata na ndugu zake bila malipo. Yupo gnat, kijidudu cha jamii ya usubi. Yupo gnash, kusaga meno. Na yupo gnu, ambaye ni nyumbu wetu yule yule wa Serengeti anayevuka mto Mara kwa maelfu. Jina hilo lilianzia kwa Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika, likapita midomoni mwa Waholanzi, na katika Kiingereza g yake ikanyamazishwa kama ya wenzake. Wote wanne, g kimya. Umelipia mmoja, umebeba wanne.

Na uwe muungwana. Mtu akisema ginau mbele ya kikao, usimsahihishe. Subiri dakika tano, kisha litamke wewe vizuri huku ukimwangalia mtu mwingine. Atasikia. Atajirekebisha kimyakimya, na hatakusahau kwa wema huo.

3. Jifunze maana kwa hindi la kuchoma

Kamusi iache kabatini. Nenda barabarani, nunua hindi la kuchoma lililopakwa ndimu, chumvi na pilipili. Lishike kwa mikono miwili. Sasa uangalie mdomo wako unafanya nini, maana umekuwa ukifanya hivi tangu utotoni bila kujitazama.

Meno ya mbele ndiyo yaliyo kazini. Hindi lenyewe liko nje, mkononi. Zinazoingia ni punje tu. Unamaliza mstari, unazungusha, unaanza mwingine. Kisha unarudi palepale ulipopita, kwa sababu chini kwenye gunzi kumebaki vile vipande laini vyenye utamu kuliko punje yenyewe, na huwezi kuviacha. Unavikwangua. Hindi halipungui kwa mkupuo. Linapungua kidogo kidogo, na mwisho unabaki na gunzi lenye vishimo na alama za meno yako.

Hiyo ndiyo gnaw. Kitu ni kigumu, kiko nje ya mdomo, na meno ya mbele yanakirudia na kukirudia. Punje zikishapita kwenye magego, kitenzi kimebadilika, hapo unatafuna.

Na hapa ndipo utakapogundua kwamba kazi yote ulishafanyiwa na waliokutangulia. Kung'ata ni mara moja: meno yamekutana, yamekwisha. Kutafuna ni kazi ya magego, chakula kikiwa ndani. Kumung'unya ni kwa bibi asiye na meno na peremende yake, anaizungusha kati ya ulimi na ufizi mpaka iyeyuke. Kiingereza huzunguka sana kulisema hilo, usihangaike kukitafutia neno. Kucheua tumemwachia ng'ombe chini ya mti. Na kuguguna ndiyo hii ya hindi, ya mfupa, ya panya. Litamke polepole: gu-gu-na. Neno lenyewe linarudi palepale lilipong'ata, kama jino. Gnaw haina sauti hiyo. Hapa tumewazidi, na ni vizuri ukalijua hilo kabla hujaenda kujivunia la kwao.

4. Mfuate panya

Ukitaka kulishika neno kutoka mizizini, usiku mmoja lala macho umsikilize panya stoo. Krr, krr, krr. Kimya. Anasikiliza kama umeamka. Krr, krr, krr.

Asubuhi utamlaani, na una haki, lakini msikilize na utetezi wake. Panya ana meno 16 tu, nusu ya yale 32 ya mtu mzima aliyekamilika. Manne ya mbele, mawili juu na mawili chini, hayaachi kukua maisha yake yote. Asipoyapunguza yatarefuka mpaka ashindwe kula. Tena yameumbwa kwa akili: upande wa mbele una gamba gumu, upande wa nyuma ni laini zaidi. Ule laini hulika haraka, ule mgumu hubaki na makali kama patasi. Yanajinoa yenyewe kila anapoguguna. Ukisahau matamshi ya gnaw, kumbuka kunoa, utarudi kwenye kinoo.

Kuna jambo jingine kwa huyu mnyama, na hili lina faida kwa Kiingereza chako. Nyuma ya meno yale manne kuna pengo kabla ya magego, na midomo yake huweza kujifunga ndani ya pengo hilo. Kwa hiyo anaweza kuguguna mlango wako usiku kucha bila kumeza unga wa mbao. Umeona? Kuguguna si lazima kuwe kula. Panya huguguna waya wa umeme na hana mpango wa kushiba waya. Mwanafunzi huguguna penseli wakati wa mtihani wa hesabu. Vyote hivyo ni gnaw, na ukivitumia utakuwa umewaacha mbali wale waliokariri kwamba maana yake ni kutafuna.

Wataalamu wetu wa viumbe wamelipa kundi lake lote jina la wagugunaji. Kilatini kilifanya vivyo hivyo: rodere ni kuguguna, na ndiko lilikotoka jina la kisayansi, Rodentia. Humo wamo panya, buku, kindi na nungunungu. Sungura hayumo, ingawa anaguguna karoti kutwa nzima. Nyuma ya meno yake ya mbele ya juu amejificha na mengine mawili madogo, wataalamu wakamtengea kundi lake. Litaje hilo la sungura mahali popote penye watu wanne, na wote wanne watakugeukia.

Huu pia ni mlango wako wa dharura. Ukikwama katikati ya sentensi ya Kiingereza, liache neno, hamia kwa mnyama. Mtaje Magawa, panya buku aliyefunzwa na shirika la APOPO pale Morogoro kunusa mabomu ya ardhini, akapelekwa Kambodia, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Alifariki mwaka 2022, akiwa amefichua mabomu na milipuko mingine zaidi ya 100. Ujira wake ulikuwa ndizi na karanga. Mpaka umalize kusimulia hayo, hakuna anayekumbuka kwamba sentensi yako ya kwanza haikufika mwisho.

5. Vijineno vya nyuma

Vitenzi vya Kiingereza hutembea na vijineno nyuma yao, na ndivyo vinavyowaangusha watu. Hiki kina vichache. Mbwa na mfupa: gnaw on. Panya aliyelitoboa gunia akatokea upande wa pili: gnaw through. Hofu na roho: gnaw at.

Umesahau kipi ni kipi? Kitupe. "The dog gnawed the bone" ni Kiingereza safi kabisa na hakuna atakayekukamata. Ila ujanja huo unafaa mfupani peke yake. Ukifika rohoni, at lazima.

Kwa wakati uliopita, sema gnawed, basi. Zamani kitenzi hiki kilikuwa kikibadilika tumbo kama know na knew, lakini kimeshatulia. Sauti yoyote ya ndani ikikushawishi useme gnew, ikatae. Gnawn utaikuta kwenye maandishi ya kale. Isalimie na uiache hukohuko.

6. Hamia rohoni

Hapa ndipo penye nyama. Anayelitumia neno hili kwa mbwa anajua neno. Anayelitumia kwa roho anajua lugha. Na wewe unajua tayari.

Sikiliza watu wako wanavyosema. Mwenye madeni haishii kusema kwamba anadaiwa. Anasema deni linamtafuna. Mgonjwa wa miezi, ugonjwa unamla. Mama aliyemtuma mtoto dukani magharibi na isha imeingia mtoto hajarudi, wasiwasi unamla. Njaa nayo huuma. Hakuna aliyekukalisha chini akakufundisha kwamba hisia zina meno. Uliyakuta hayo nyumbani. Kiingereza nacho kinaamini hivyo, na kwa hisia hizi kinachagua meno ya mbele, yale ya taratibu. Wasiwasi, hatia, shaka, wivu, majuto: zote zina gnaw at.

Kipimo chake ni chepesi. Jiulize kama jambo hilo linakuamsha saa tisa usiku. Likikuamsha, likakuacha ukitazama dari, na kesho yake saa tisa likarudi, hilo linaguguna. Hasira ya ghafla haiguguni, hiyo inawaka. Habari ya msiba haiguguni siku ya kwanza, inaangusha. Itaanza kuguguna baadaye, wageni wakishaondoka na maturubai yakishakunjwa. Na furaha haina meno kabisa, usiibebeshe kitenzi hiki.

Njaa ina daraja lake. Gnawing hunger haimhusu mtu anayesubiri wali maharage saa saba mchana. Hiyo ni ya mtu ambaye jana hakula na leo hajui atakula wapi. Usiichezee.

Dhamiri ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Katika Kiswahili dhamiri humsuta mtu. Yetu ina mdomo, inakusema, inakuumbua ndani ya kifua chako mwenyewe. Ya Waingereza haisemi kitu, inaguguna. Hivyo unapopeleka dhamiri Uingereza, ipe meno, na unapoirudisha nyumbani, irudishie mdomo wake. Mtafsiri aliyesema dhamiri ilimguguna hakukosea sarufi, lakini amemnyang'anya msomaji wake neno kusuta, ambalo lina uzito wa kijiji kizima.

Sasa faida ya mfukoni. Umechelewesha ripoti, na bosi wako anaandikiwa kwa Kiingereza. Wenzako wote wangeanza na I am very sorry, na bosi amezisoma hizo mpaka amechoka. Wewe anza hivi: "One thing has been gnawing at me." Kisha weka nukta. Bosi hataanza na swali la ripoti iko wapi. Atataka kwanza kujua ni kitu gani hicho. Umeshapata dakika mbili na sikio lililo tayari. Zitumie kusema ukweli wa kilichokuchelewesha. Dakika zilizonunuliwa kwa neno zuri haziharibiwi kwa uongo.

Na ukiwa mtu wa kanisani, unayo akiba ambayo hujawahi kuigusa. Biblia ya Kiingereza ya King James ya mwaka 1611 inacho kitenzi hiki katika Ufunuo 16:10, pale penye watu na ndimi zao. Watafsiri wa Biblia yetu ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, waliweka kutafuna. Zifungue zote mbili usiku mmoja, uzilaze pamoja, uone kila lugha ilivyoshika maumivu yale. Utatoka hapo na mfano ambao hakuna mwalimu atakayeubishia.

7. Mashimo ya kuruka

Kiswahili kinatafuna vitu ambavyo gnaw haivigusi. Mkurugenzi ametafuna fedha za mradi: usiandike gnaw, nakusihi. Msomaji wa Kiingereza atamwona mtu mzima aliyevaa suti ameshika bunda la noti kwa mikono miwili, analiguguna pembeni. Andika stole, au embezzled kama unataka kuvaa tai.

Miraa ya Meru ni chew. Iko shavuni saa nzima. Muwa ni chew vilevile, unatafuna, unafyonza, unatema makapi. Kumung'unya maneno hakumo kabisa. Kucha ni bite, lakini mtu akishamaliza kucha akaanza kuifuata ngozi, sema gnaw. Hapo linafaa, na linasikitisha.

8. Ukibanwa

Siku itafika mtu atakuuliza mbele za watu: hilo neno maana yake nini? Usianze kulieleza kwa Kiingereza, utazama. Jibu kwa neno moja: kuguguna. Kisha nyamaza. Nusu ya waliopo hawatakuwa na uhakika na hilo pia, na hakuna mtu mzima atakayenyoosha mkono kuulizia Kiswahili chake mwenyewe. Swali limekufa. Umeshinda.

Lakini usiishie hapo, maana mimi binafsi ushindi huo unanitafuna.

Mpwa wangu wa kidato cha tatu alikuja kwangu likizo na daftari la misamiati ya Kiingereza. Mbele ya gnaw alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri: kutafuna kwa muda mrefu. Nikamwambia, hapana baba, hiyo ni kuguguna. Akanitazama.

"Kuguguna ndiyo nini, mjomba?"

Sikumjibu. Jioni ile palikuwa na supu ya mbuzi, nikamwekea mfupa wa goti. Akainyofoa nyama ya juu kwa vidole, akala, akausukuma mfupa pembeni ya sahani.

"Bado," nikamwambia.

Akauchukua tena. Mwanzoni kwa aibu, kisha aibu ikaisha. Akaukamata ncha zote mbili, meno ya mbele yakaingia kazini. Akakwangua gegedu lililoshikilia kwenye kifundo, akageuza mfupa, akavuta kano moja ngumu iliyokataa, akaiacha, akairudia upande wa pili ikaachia. Mafuta yalimchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Hakusema neno. Alipouweka chini ulikuwa mweupe, na alama ndogo ndogo za meno ulizoweza kuzihesabu kwenye mwanga wa taa.

"Ulichokifanya hapo, kiite."

Akaufikiria. "Kumbe ndiyo huku kuguguna?"

Akanawa mikono, akafungua daftari, akakata maneno yake manne na kuandika moja.

Kijana ana akili nyingi, na kosa si lake. Aliifahamu kazi hiyo kwa meno yake tangu mtoto, na Kiingereza chake alikijua, ila neno la nyumbani halikuwa limemfikia. Hakuna aliyekuwa amelitamka akiwapo. Limo kwenye kamusi, ndiyo, lakini neno la jikoni halirithiwi kwa kamusi. Linarithiwa kwa mtu mzima kulisema mfupa ukiwa mkononi.

9. Uma huku ukipuliza

Panya, kama tunavyojua tangu zamani, huuma huku akipuliza. Unaamka asubuhi kidole kinakuwasha na hukumbuki ulipoguswa. Litumie neno lako hivyo hivyo. Liweke katikati ya sentensi, lisiwe mwanzo wala mwisho. Usipandishe sauti ukilifikia. Usitulie baada yake kuona nani amelisikia. Endelea kuzungumza kama mtu mwenye mengine 40 mfukoni.

Mara moja kwa kikao inatosha. Mara mbili kwa wiki, si zaidi. Ukilitoa mara ya tatu, wenye masikio watajua ni kimoja tu ulichonacho, na hapo itabidi ukafungue juzuu ya kwanza kati ya zile 20.

Hicho cha Kiingereza sasa ni chako, kitembeze utakavyo. Ninachokuomba ni kimoja, na hakina ujanja ndani yake. Leo usiku, kukiwa na kuku au mbuzi au hata hindi tu la kuchoma, na watoto wakiwa wamekaa, usiwaambie wamalize chakula. Mpe mmoja mfupa, umwambie: guguna.